Twita Haiungui Bila Sababu

Woofa, ile spika kubwa ya besi, ikiungua nyumba nzima inajua. Inakwaruza, inanuka, au inanyamaza kabisa na spika inapelekwa kwa fundi siku hiyo hiyo. Twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, ikiungua hakuna anayeshtuka. Besi inaendelea kupiga, mwimbaji anasikika, na sikio huzoea upesi. Baada ya muda ile sauti iliyopungua ndiyo inakuwa sauti ya siku zote. Nimeingia sebule nyingi nikakuta twita zimeshakufa zamani na mwenye redio anaapa spika zake ni nzima, kwa kuwa hakuna siku aliyozisikia zikikatika.

Kinachopotea ni kikubwa. Weka taarabu asilia, ile ya fidla, udi na kanuni. Nyuzi za kanuni zinabaki na mlio butu, ule ukali wa uzi unapodonolewa haupo tena, na rika linakuwa ngozi tupu bila njuga zake. Weka dansi lililorekodiwa Redio Tanzania miaka ya 1970: manyanga yametoweka na gitaa la solo limezama nyuma ya besi. Hata taarifa ya habari inaumia, maana sauti za s, sh na f zinakaa juu, sehemu kubwa yake kuanzia hezi elfu kadhaa, yaani mitikisiko elfu kadhaa kwa sekunde, na kuendelea. Mtu anaanza kupandisha sauti ili ayapate maneno vizuri, na kwa kupandisha anaiweka hatarini twita ya upande wa pili, iliyokuwa bado hai.

Nimekuwa nikitengeneza spika za ndugu, majirani na rafiki zao hapa Dar es Salaam kwa muda sasa, na jambo moja limenikaa moyoni kuliko mengine yote. Kubadilisha twita ni kazi ndogo. Kujua kilichoiunguza ndiyo matengenezo yenyewe. Anayeweka mpya bila kuuliza swali hilo atarudi dukani, tena haraka, na pesa yake itakuwa imekwenda.

Tuanze na ilivyoundwa. Twita ya kawaida ya spika za nyumbani ina kuba dogo, mara nyingi lenye kipenyo cha milimita 25 au 19, la kitambaa cha hariri kilichopakwa dawa ya kukifanya kishike umbo, au la alumini au titani. Kuba la namna hii lilipata umaarufu kuanzia mwaka 1958, pale Edgar Villchur na kampuni yake ya Acoustic Research ya Marekani walipotoa spika ya AR-3, na tangu hapo watengenezaji wengi wamefuata njia hiyo. Chini ya kuba kuna koili ya waya mwembamba mno, inayoning'inia ndani ya mwanya wa sumaku bila kugusa upande wowote. Nafasi iliyopo kati ya koili na chuma haifiki hata milimita moja. Umeme wa muziki ukipita, koili inasukumwa mbele na nyuma maelfu ya mara kwa sekunde, na kuba linakwenda nayo.

Adui wa koili hii ni joto. Umeme mwingi unaoingia kwenye spika hauwi sauti, unakuwa moto, na waya wa twita ni mdogo sana kuubeba moto huo kwa muda mrefu. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo koili iliyokuwa na ukinzani wa omu 6 ikipanda nyuzi 100 inavuka omu 8. Ikizidi hapo, gundi inayoshika mizunguko ya waya inalainika, mizunguko inaachana na kuanza kusugua sumaku, na mwisho waya unakatika. Ili kupunguza tatizo hili, watengenezaji wengi hujaza kwenye ule mwanya kimiminika cheusi chenye chembechembe za sumaku, kinachoitwa ferofluidi. Kilibuniwa mwaka 1963 na Steve Papell wa NASA, akitafuta namna ya kuvuta mafuta ya roketi mahali pasipo na uzito. Leo kinapoza koili ya spika ya sebuleni. Napenda sana kuwaeleza watoto habari hii wakinikuta nimefungua twita.

Sasa wati, maana hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa. Spika imeandikwa wati 100 nyuma, na mtu anaamini kila kilichomo ndani kinabeba wati 100. Hapana. Namba hiyo inachukulia muziki wa kawaida, ambao nguvu yake nyingi iko kwenye besi na sauti za kati. Twita yenyewe, ukiipa umeme mfululizo, huvumilia wati chache tu. Na zile redio za sabufa zilizoandikwa PMPO wati elfu kadhaa, namba hiyo haina kipimo kinachokubalika popote. Geuza redio uangalie kibandiko cha nyuma kinachosema inakula wati ngapi kutoka ukutani. Ikiwa inakula wati 60, haiwezi kutoa hata hizo 60 kwenye spika, achilia mbali elfu.

Na amplifaya ndogo huua twita nyingi, jambo ambalo wengi hawaliamini nikiwaambia. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, inakata vichwa vya mawimbi: wimbi lililokuwa na kilele cha mviringo linatoka likiwa limenyooka juu na chini. Wimbi lililokatwa kabisa likawa la mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini lenye kimo kilekile. Isitoshe, besi ikishafika dari haiwezi kupanda tena, lakini sauti nyembamba zilizo chini yake zinaendelea kupanda kadiri unavyozungusha kitufe, na zote hizo mzigo wake unaishia kwenye twita. Ongeza na treble, kitufe cha sauti za juu, iliyofunguliwa mpaka mwisho. Desibeli 10 za nyongeza ni nguvu mara kumi, na mtu amezungusha kitufe kwa kidole kimoja tu.

Nije kwenye kisa kimoja, kwa sababu kilinionyesha yote haya katika spika moja. Mzee mmoja wa mtaa wa jirani aliniletea jozi ya spika za Kiingereza za miaka ya 1980, za njia mbili, woofa na twita, boksi lake bado zuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hii ya kulia imekuwa nzito, inaimba kama mtu mwenye mafua. Na twita yake nilishabadilishiwa mwaka jana."

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae kitako. Twita iliyoungua mara mbili upande uleule, wakati ya kushoto haijawahi kuguswa, inasema kuna kitu ndani ya boksi hilo. Ingekuwa ni amplifaya au ni mkono wa mtu kwenye kitufe, kwa kawaida pande zote mbili zingeonja.

Kabla ya kushika bisibisi nilibadilisha nyaya, ya kulia nikaipeleka kushoto. Ukimya wa juu ukabaki kwenye spika ileile, basi amplifaya na nyaya zikatoka kwenye lawama. Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka. Kuna watu wamefungua spika nzima kumbe jeki ya nyuma ya redio ndiyo iliyolegea. Kisha nikafungua kwenye simu programu ya kutoa mlio, nikaweka hezi 6,000 kwa sauti ya chini kabisa, nikasogeza sikio. Kushoto mlio safi. Kulia nilipata kidogo tu, na kilitoka kwenye woofa. Tahadhari kwa anayejaribu: mlio mmoja mfululizo ni mzigo mzito kwa twita kuliko muziki, kwa hiyo uwe wa chini na wa sekunde chache.

Mita sikuiweka kwenye terminali za nyuma, maana hapo pana mtego. Kwenye njia ya twita kuna kapasita, na kapasita haipitishi umeme wa betri ya mita. Ukipima kwa nje unaipima woofa peke yake, unapata omu 6 safi na kuamini kila kitu kizima. Mtego wa pili uko ndani: krosova nyingi, yaani sakiti inayogawa besi kwa woofa na sauti za juu kwa twita, zina koili iliyofungwa sambamba na twita, ukipima bila kuchomoa waya unaipima hiyo koili na mita inaonyesha karibu sifuri, unadhani twita ina shoti. Chomoa walau waya mmoja wa twita, ndipo upime.

Nilitoa skrubu za twita huku kiganja kimefunika kuba. Sumaku ya twita ina nguvu, na bisibisi ikikaribia inavutwa ghafla kuelekea katikati. Kuba la hariri halivumilii ncha ya chuma hata mara moja. Twita ikatoka na kijiharufu chake cha vanishi iliyoungua, ambacho ukishakijua hukisahau. Mita ikakaa kimya, hakuna omu hata moja. Ya kushoto ilisoma 5.8, namba ya kawaida kabisa kwa twita ya omu 8, kwa sababu mita hupima ukinzani wa waya tu, nao huwa chini ya ile namba iliyoandikwa. Ya omu 4 husoma kati ya 3 na 3.5 hivi. Ukipata namba iliyo chini sana ya hapo, mizunguko imegusana.

Kisha nikaingiza tochi ndani ya boksi, na jibu likawa pale pale. Krosova ya spika hizi ni nyepesi, twita inalindwa na kapasita moja tu ya maikrofaradi 4.7. Kwenye omu 8 kapasita hiyo inaanza kufunga njia chini ya hezi 4,200 hivi, kadiri besi inavyoshuka ndivyo inavyozuiwa zaidi. Kwenye spika ya kulia kapasita haikuwapo. Mtu aliyeitengeneza mwanzo aliikuta imekufa, hakuwa na nyingine, akaunganisha kipande cha waya mahali pake. Twita ikaimba na mzee akalipa. Lakini kuanzia dakika hiyo besi yote, ngoma yote, ilikuwa inaingia kwenye koili iliyotengenezwa kubeba manyanga na njuga. Ilichelewa kuungua kwa sababu mzee husikiliza kwa sauti ya wastani.

Jambo hili linaniuma, nalisema waziwazi. Kapasita ile ni kitu cha bei ndogo kuliko twita yoyote. Ni aina isiyo na upande wa chanya wala hasi, na zile za miaka hiyo hukauka ndani kwa umri, hivyo kifo chake kilikuwa cha kutegemewa. Kuweka waya badala yake ni kumwuzia mtu ugonjwa akidhani amenunua dawa.

Si kila twita iliyonyamaza imeungua, na hili litakuokolea pesa. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunaijua chumvi: inakula terminali mpaka zinaota ukungu wa kijani, mguso unapotea na twita inakatika na kurudi. Msasa laini na spiriti vinatosha. Wakati mwingine ule uzi mwembamba unaotoka kwenye terminali kwenda kwenye koili umekatika penye kona, na mwenye mkono mtulivu anaweza kuuunga. Twita za zamani zenye ferofluidi huwa na tatizo lake pia. Kimiminika kinageuka kuwa gundi nzito, mita inasoma vizuri, lakini sauti ni hafifu pande zote mbili kwa pamoja. Hizo zinasafishwa ule mwanya kwa kipande cha karatasi ngumu na spiriti, kisha zinawekwa ferofluidi mpya kwa kipimo. Kuba lililobonyezwa na kidole cha mtoto, kama ni la kitambaa, linavutika nje kwa selotepu iliyogusishwa taratibu. La chuma litabaki na kovu, mara nyingi na mlio wa kovu hilo.

Na kwa wanaotengeneza spika za disko: twita za piezo hazina koili. Ndani yake kuna kisahani cha kauri kinachotikisika kwa umeme. Mita itakuonyesha kuwa imekatika hata ikiwa mpya kutoka kwenye boksi. Usiitupe kwa sababu hiyo. Ipime kwa kuipa muziki.

Twita ya mzee haikuwa na dawa, kwa hiyo nilikwenda Kariakoo. Ukisema tu "nataka twita" utaonyeshwa nyingi, na nyingi zitakuwa za gari za omu 4, za piezo, au zenye uso wa kung'aa na sumaku ndogo kuliko kifuniko cha chupa. Nenda na twita ya zamani mkononi na rula. Upana wa uso lazima ulingane na tundu, lakini huo ndio ulinganifu mwepesi kuliko yote. Omu lazima zilingane, maana kapasita ilihesabiwa kwa omu hizo. Ukiweka ya omu 4 mahali pa omu 8, mahali inapoanza kufunga panapanda mara mbili na katikati panabaki shimo. Mlio wa asili wa twita yenyewe, yaani hezi ambazo kuba hutikisika kwa urahisi kuliko zote, uwe chini sana ya pale krosova inapokata, angalau nusu. Na mwisho, usikivu wake, yaani inatoa desibeli ngapi kwa umeme uleule. Hili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloamua kama spika itapendeza au itachosha masikio.

Wahandisi wa studio wanalijua vizuri. Yamaha NS-10, spika yenye woofa nyeupe iliyotoka mwaka 1978, ilisifiwa kwa ukweli wake lakini twita yake ilikuwa kali mno, mpaka watu wakawa wanaifunika kwa karatasi ya chooni ili waweze kufanya kazi siku nzima. Mwaka 1987 Yamaha walitoa toleo la studio lenye twita iliyotulizwa. Desibeli chache za juu zinaweza kuwasumbua watu wa fani hiyo duniani kote, kwa hiyo zitamsumbua na mzee sebuleni kwake.

Sikupata ya aina ileile. Nilipata jozi ya kuba la hariri la milimita 25, omu 8, desibeli 91, wakati woofa zake ni za 88. Nilinunua mbili, kwa kuwa twita mpya kulia na ya zamani kushoto zitamvuta mwimbaji upande mmoja kila anapotamka s. Zile desibeli 3 za ziada nilizishusha kwa rezista mbili za wati 10: ya omu 2.2 mfululizo na ya omu 20 sambamba na twita. Ingewezekana kutumia moja tu ya mfululizo, lakini hizi mbili zikifungwa hivyo kapasita inaendelea kuona karibu omu 8, na mahali pa kugawana sauti hapahami. Kapasita nilibadilisha zote mbili, kulia na kushoto, nikaweka za filamu ya plastiki, maikrofaradi 4.7, ambazo hazikauki kama zile za zamani.

Kazi yenyewe ya kufunga haina mengi. Piga picha ya nyaya kwa simu kabla hujachomoa chochote, ili chanya irudi kwenye chanya. Ukichomea waya kwa risasi, gusa na uondoe haraka, kwa sababu terminali za twita zimeshikwa na plastiki, na plastiki ikiyeyuka inauvuta ule uzi mwembamba ukakatika hata kabla twita haijaimba. Matundu ya skrubu kwenye mbao za zamani za kubandikwa huwa yamelegea. Njiti ya kiberiti iliyopakwa gundi ya mbao inayarudishia uimara, kuliko kuweka skrubu nene zitakazopasua boksi. Hakikisha sponji ya pembeni imekaa vizuri, boksi lisivuje hewa.

Mzee alikuja na kanda yake. Tuliwasha kwa sauti ya chini, nikamwambia akae katikati, spika zikiwa mbali naye kwa urefu unaolingana. Nilichokuwa nasikilizia ni sauti ya mwimbaji isimame katikati na ibaki hapo kwenye kila neno. Alichokuwa anasikiliza yeye kilikuwa kingine. Gitaa lilipoingia alinyoosha kidole kuelekea spika ya kulia akasema, "Hapo kuna mtu anapiga manyanga," na akataka turudishe mwanzo.

Aliniuliza apandishe mpaka wapi. Nilimjibu asitazame namba za kwenye kitufe, asikilize sauti: ikianza kuwa na ukakasi, s zikaanza kuchana, hapo amplifaya imeanza kukata vichwa, ashushe. Amplifaya yake ni ya wati 30 kila upande, na chumba chake hakihitaji hata nusu ya hizo. Treble tuliirudisha katikati, ilikuwa imefunguliwa yote tangu kipindi kile cha ukimya.

Twita ya kushoto iliyotoka ikiwa nzima nimeihifadhi, nimeandika 5.8 kwa kalamu nyuma ya sumaku yake. Spika za aina ile bado zinaingia nchini kwenye mizigo ya mitumba kutoka Uingereza, na nyingi zinafika na twita moja imekufa. Mwenye jozi kama hiyo anitafute, aje na ile iliyoungua na boksi lake. Twita nitampa, lakini kwanza tutafungua tuone ni nini kilichoiunguza.